Kupasua Nyekundu, Kutunza Nyeupe

Mikrolita moja ya damu ya mtu mzima mwenye afya ina chembe nyekundu kati ya milioni 4 na milioni 5.5, na chembe nyeupe kati ya 4,000 na 11,000. Kwa wastani, kila chembe nyeupe huelea katikati ya nyekundu zipatazo mia saba, na wakati mwingine hata elfu moja. Mwili unafaidika na uwiano huo, maana oksijeni inataka wabebaji wengi kuliko kinga inavyotaka walinzi. Lakini kwa mtaalamu wa maabara anayetaka kuzisoma chembe nyeupe kwa saitometria ya mtiririko, uwiano huo ndio kikwazo cha kwanza. Namna atakavyouondoa ndiyo itakayoamua kama jibu la mashine linaaminika.

Mashine yenyewe huzipanga chembe mstari mmoja ndani ya mkondo mwembamba wa maji ya chumvi, kisha huzipitisha moja baada ya nyingine mbele ya leza. Kila chembe inapokatiza mwanga hutawanya sehemu yake. Mwanga unaotawanyika kwenda mbele hudokeza ukubwa, na ule wa pembeni hudokeza wingi wa punje zilizomo ndani. Kingamwili zilizofungiwa rangi ing'aayo, ambazo zimekwisha kushika alama za juu ya chembe kama CD3, CD4 au CD19, huwaka kila moja kwa rangi yake. Chembe nyekundu haina kiini wala punje, lakini ina upana wa mikromita 7 hadi 8, karibu sawa na limfosaiti ndogo, na umbo lake la kisahani hutawanya mwanga kwa namna tofauti kila inapogeuka. Zikiachwa zote zipite, mashine isomayo matukio 10,000 kwa sekunde itahitaji zaidi ya dakika kumi ili kukusanya chembe nyeupe 10,000, na katika msongamano huo mara nyingi chembe mbili zitapita pamoja na kuhesabiwa kuwa moja. Nyekundu zikiondolewa, kazi hiyohiyo huisha ndani ya sekunde chache.

Njia ya zamani ya kuziondoa ilikuwa kutenganisha kwa uzito. Mwaka 1968 Arne Bøyum wa Norwei alieleza namna ya kuimwaga damu iliyozimuliwa juu ya kimiminika chenye msongamano wa gramu 1.077 kwa mililita na kuizungusha katika sentrifuji. Nyekundu na granulosaiti huzama, limfosaiti na monosaiti hubaki juu kama utando mweupe unaonyonywa kwa pipeti. Njia hiyo bado inatumika pale mtafiti anapotaka kuzikuza limfosaiti au kuzihifadhi kwa baridi kali. Kwa kuhesabu aina za chembe ina kasoro kubwa, kwa kuwa inatupa granulosaiti zote na hupoteza baadhi ya limfosaiti bila kufuata uwiano, na uwiano ndio unaotafutwa. Mwaka 1980 Robert Hoffman na wenzake, Kung, Hansen na Goldstein, walichapisha njia ya kupima limfosaiti T na matawi yake moja kwa moja kutoka damu nzima. Damu iliwekewa kingamwili, nyekundu zikapasuliwa ndani ya tyubu ileile, kisha sampuli ikapitishwa kwenye mashine. Tangu hapo, kupasua kumekuwa hatua ya kawaida katika maabara za saitometria, na swali likawa ni kupasua kwa kutumia nini.

Mpasuaji anayejulikana kuliko wote ni amonia kloridi. Lita moja ya myeyusho wake hutengenezwa kwa gramu 8.29 za amonia kloridi, gramu 1 ya potasiamu baikaboneti na gramu 0.037 za EDTA, na pH yake hurekebishwa iwe kati ya 7.2 na 7.4. Viungo ni vya bei nafuu na hupatikana kwa muuzaji yeyote wa kemikali za maabara. Urahisi huo umewafanya wengi wautazame kama maji ya kuoshea tu. Haustahili kudharauliwa hivyo, kwa sababu namna unavyotenda ni miongoni mwa mambo ya kupendeza kuliko yote katika elimu ya damu.

Nguvu ya chumvi katika myeyusho huo inakaribiana na ya damu, kwa hiyo haupasui kwa upungufu wa chumvi. Chumvi hiyo inapoyeyuka hugawanyika kuwa ayoni za amonia na za kloridi, na ayoni, kwa kuwa zina chaji, hazipenyi kirahisi utando wa mafuta unaoizunguka chembe. Hata hivyo, kwenye pH ya 7.4, sehemu kama moja katika mia ya amonia hiyo huwa haina chaji, na sehemu hiyo hupita utando bila kizuizi. Ikishaingia ndani hunyakua protoni kutoka kwenye maji, hugeuka ayoni, na haiwezi tena kutoka. Maji yaliyopoteza protoni huacha haidroksidi. Hapo huingia kaboni dioksidi, na kimeng'enya kiitwacho kaboniki anhidrasi huiunganisha na haidroksidi hiyo kuwa baikaboneti. Protini ya utando inayojulikana kama bendi ya 3, ambayo chembe nyekundu moja huwa nayo nakala kama milioni moja, huitoa baikaboneti nje na kuingiza kloridi mahali pake. Nje, baikaboneti hukutana na protoni iliyoachwa na amonia, hurudi kuwa kaboni dioksidi, na huingia tena ndani. Gesi hiyo haitumiki ikaisha. Inazunguka tu, na kila mzunguko huacha ndani ya chembe amonia moja na kloridi moja. Chumvi ikiongezeka ndani, maji hufuata.

Mzunguko huu ulielezwa mwaka 1942 na M. H. Jacobs na Dorothy Stewart, na hadi leo unaitwa kwa majina yao. Chembe nyekundu yenye ujazo wa femtolita 90 hivi ina utando uliolegea kuliko ujazo wake, ndiyo maana inaweza kujikunja na kupita kwenye mishipa myembamba kuliko upana wake. Maji yakiingia, kisahani hufura kuwa mpira, na ujazo hukaribia femtolita 150. Hapo utando umekwisha kunyooka wote. Hauwezi kutanuka zaidi ya asilimia chache, hivyo hupasuka na himoglobini humwagika.

Kinachostahili sifa hapa ni uchaguzi wa silaha. Bendi ya 3 na kaboniki anhidrasi ndizo zana ambazo chembe nyekundu huzitumia kila sekunde kubeba kaboni dioksidi kutoka kwenye misuli hadi mapafuni. Myeyusho hauishambulii kwa nguvu. Unaipa chumvi ambayo zana zake zenyewe zitaiingiza ndani kwa kasi isiyozuilika. Chembe nyeupe hazina zana hizo kwa wingi wa namna hiyo, kwa hiyo amonia huziingia polepole na hubaki nzima kwa muda. Neno muda ndilo la kushikwa. Dakika kumi katika joto la chumba kwa kawaida zinatosha. Tyubu ikisahauliwa mezani nusu saa, nyeupe nazo huanza kufura, mtawanyiko wake wa mwanga hubadilika, na baadhi hufa.

Kutokana na utendaji huo mtu anaweza kujua mapema mahali ambapo myeyusho utakwama. Ukitolewa kwenye jokofu na kutumiwa ukiwa baridi, mizunguko hupungua kasi na nyekundu hubaki. Chupa ikiachwa wazi kwa siku kadhaa, kaboni dioksidi hutoroka, pH hupanda, na matokeo ya leo hayafanani na ya wiki iliyopita. Damu ikiwa nyingi kuliko inavyotakiwa, myeyusho hauitoshi; uwiano wa damu moja kwa myeyusho kumi hadi ishirini ndio unaofaa. Tyubu isipotikiswa mara tu myeyusho unapoongezwa, damu hukaa chini kama tope na sehemu yake haipasuki. Mtaalamu aliyezoea huiinua tyubu mbele ya taa. Damu ambayo haijapasuka huwa na ukungu, na iliyopasuka huwa nyekundu angavu inayopenyeka mwanga. Jicho hilo hupatikana kwa kuzoea, na hakuna mashine inayolichukulia nafasi yake.

Maji matupu yaliyochujwa pia hupasua. Nyekundu za kawaida huanza kupasuka chumvi inaposhuka hadi asilimia 0.5 hivi, na zote huwa zimekwisha kabla haijafika 0.3, wakati damu yenyewe inalingana na asilimia 0.9. Anayetumia njia hii huongeza maji, huhesabu sekunde ishirini hadi thelathini, kisha hurudisha chumvi kwa myeyusho mkali. Wanaotenganisha nyutrofili kwa majaribio ya utendaji wake huipenda, kwa kuwa haiachi kemikali ngeni. Lakini sekunde kumi za kuchelewa huziumiza nyeupe, na katika kazi ya kila siku yenye tyubu arobaini mezani hakuna mkono wenye kasi ya kutosha. Njia hii ibaki kwa sampuli chache na mikono iliyotulia.

Kundi la tatu ni la miyeyusho inayopasua na kukaza kwa pamoja. Myeyusho unaojulikana sana wa kundi hili ni FACS Lysing Solution wa kampuni ya BD, wenye formaldehaidi na dietilini glaikoli, ambao huuzwa ukiwa umekolezwa mara kumi na kuzimuliwa kwa maji kabla ya matumizi. Nyekundu hupasuka, na papo hapo formaldehaidi hufunga protini za chembe nyeupe zishikamane, chembe zikakaa kama zilivyo. Kampuni ya Beckman Coulter ina OptiLyse C katika mkondo huohuo. Faida ni nyingi na za kweli. Sampuli iliyokazwa inaweza kusubiri saa kadhaa kabla ya kusomwa, jambo lenye thamani kubwa mahali ambapo umeme hukatika au mashine moja inahudumia hospitali kadhaa. Formaldehaidi pia huua virusi, VVU wakiwemo, na mtu anayekaa mbele ya mashine siku nzima huwa salama zaidi.

Gharama yake ni ya kweli vilevile. Chembe iliyokazwa haiwezi kuulizwa kama ilikuwa hai. Rangi kama 7-AAD, ambayo hupenya chembe zilizokufa tu, huingia kila mahali baada ya kukazwa, kwa hiyo anayetaka kutofautisha wafu na hai lazima afanye hivyo kabla, au atumie njia isiyokaza. Baadhi ya rangi zilizounganishwa mbili kwa moja, kama PE-Cy7 na APC-Cy7, huvunjika zikikaa kwenye formaldehaidi na mwanga, na ikivunjika rangi ya pili hubaki ya kwanza peke yake, ikidanganya kwamba alama nyingine imeonekana. Mtawanyiko wa mwanga hubadilika, na chembe nyeupe hung'aa kidogo hata bila kingamwili. Tena, myeyusho huu ukitangulia kabla ya kingamwili, baadhi ya alama hupoteza umbo na kingamwili hazizishiki. Utaratibu sahihi ni kingamwili kwanza, mpasuaji baadaye.

Kati ya amonia kloridi na miyeyusho yenye formaldehaidi ipo VersaLyse, pia ya Beckman Coulter, isiyo na formaldehaidi. Kiini chake ni amini ya mzunguko ambayo hutenda inapokutana na kaboniki anhidrasi iliyo tele ndani ya nyekundu. Wazo ni lilelile la Jacobs na Stewart, la kutafuta kitu ambacho nyekundu inacho kwa wingi na nyeupe haina, kisha kukifanya mlango.

Jaribio kubwa la uchaguzi wa mpasuaji katika Afrika Mashariki limekuwa kipimo cha CD4, yaani hesabu ya limfosaiti zenye alama hiyo. Kwa miaka mingi namba hiyo ndiyo iliyoamua nani aanze dawa za VVU. Shirika la Afya Duniani liliweka kiwango cha 350 kwa mikrolita mwaka 2010, likakipandisha hadi 500 mwaka 2013, na mwaka 2015 likaagiza kila mwenye VVU atibiwe bila kungoja namba. Kipimo hakikufa kwa agizo hilo, kwa kuwa CD4 chini ya 200 bado ndiyo alama inayomtambulisha mtu mzima ambaye ugonjwa umekwisha kukomaa, anayehitaji kuchunguzwa kifua kikuu na homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi wa kriptokokasi. Palipo na mpaka, makosa madogo hugeuka makubwa. Anayepaswa kupata 190 akipewa 210 anaweza kukosa uchunguzi ambao ungemwokoa.

Kwa sababu hiyo hesabu ya CD4 kwa mikrolita hairuhusu kuosha. Kuosha maana yake ni kuzungusha tyubu, kumwaga maji ya juu na kuongeza mapya, na kila mzunguko hubeba chembe ambazo hazitarudi. Katika tyubu za Trucount, mikrolita 50 za damu huchanganywa na mikrolita 20 za kingamwili, hukaa dakika 15 gizani, kisha huongezwa mikrolita 450 za mpasuaji na kukaa dakika 15 nyingine. Ndani ya tyubu kuna shanga ndogo zing'aazo ambazo idadi yake imeandikwa kwenye pakiti. Mashine huhesabu CD4 na shanga kwa pamoja, na uwiano wao, ukizidishwa kwa idadi ya shanga na kugawanywa kwa ujazo wa damu, hutoa jibu. Mpango mzima unasimama juu ya pipeti moja ya mikrolita 50. Ikikosea kwa asilimia 10, mgonjwa wa 200 huwa wa 180 au 220, na mpasuaji mzuri kuliko wote hawezi kulisahihisha hilo.

Kuna pia njia ya kutopasua kabisa. Mashine ndogo ya FACSCount, iliyotumika katika hospitali nyingi za Afrika, haikuhitaji mpasuaji. Iliagizwa isijali chochote kisichowaka kwa rangi, na nyekundu zikapita bila kuandikwa. Huko Johannesburg, Deborah Glencross na wenzake walionyesha mwaka 2002 kwamba kuzianzia chembe nyeupe kwa alama ya CD45, badala ya kutegemea ukubwa na punje, kunawezesha hesabu ya bei nafuu hata kwa damu iliyochelewa njiani. Siku hizi leza ya urujuani ya nanomita 405 imeongeza njia nyingine. Himoglobini hufyonza sana mwanga wa karibu na nanomita 415, hivyo nyekundu hutawanya mwanga wa urujuani kwa namna tofauti na wa buluu, na kompyuta huzitenga bila kemikali yoyote. Kwa mtu anayepima nyutrofili zilizoamshwa na ugonjwa, njia hii ina thamani ya pekee, kwa kuwa kupasua kwenyewe, pamoja na baridi na mzunguko wa sentrifuji, kunaweza kuziamsha chembe hizo na kubadili alama kama CD11b na CD62L. Kinachoonekana basi huwa ni athari ya maabara, si ya mgonjwa.

Kuosha nako hakupaswi kuhukumiwa kwa kigezo kimoja. Katika uchunguzi wa limfoma, swali mara nyingi ni kama limfosaiti B zote zinabeba mnyororo wa kapa au wa lamda peke yake, ishara kwamba zimezaliwa na mama mmoja. Minyororo hiyohiyo imejaa katika maji ya damu. Kingamwili zikiongezwa kabla ya kuosha zitaishikilia ile inayoelea, na juu ya chembe hakutaonekana kitu. Hapo damu lazima ioshwe kwanza, mara mbili au tatu, ndipo iwekewe kingamwili. Upotevu wa chembe chache hauna madhara, maana kinachotafutwa ni uwiano wa kapa na lamda.

Damu inayoujaribu ujuzi kuliko zote ni ile isiyotaka kupasuka. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambamo huzaliwa watoto wengi zaidi wenye selimundu duniani, na kwa maabara za Dar es Salaam au Mwanza hili ni jambo la kila wiki. Nyekundu za selimundu zimepoteza maji, na nyingi zina utando mwingi kuliko ujazo, zikionekana kwenye hadubini na doa katikati kama shabaha. Chembe ya namna hiyo hufura muda mrefu kabla ya kupasuka, maana ina nafasi ya kufura. Pamoja nazo huja nyekundu changa na nyekundu zenye viini, ambazo uloto umezisukuma nje kabla hazijakomaa. Zikibaki hukaa mahali pa limfosaiti kwenye picha ya mashine, na asilimia ya kila aina ya limfosaiti hushuka bila sababu. Thalasemia na ugonjwa wa ini huleta shida inayofanana.

Damu ya mtoto mchanga nayo ina sababu yake. Nyekundu za kijusi zina kaboniki anhidrasi kidogo sana kuliko za mtu mzima, kwa hiyo mzunguko wa Jacobs na Stewart huenda polepole ndani yake. Tofauti hiyo ni kubwa kiasi kwamba watafiti, tangu miaka ya 1970, waliitumia kupasua nyekundu za mama na kubakiza za mtoto katika damu iliyochanganyika. Kwa anayepima CD4 ya kichanga, jambo lililowafaa watafiti hao linakuwa kero, na mpasuaji yeyote anayetegemea kimeng'enya hicho atachelewa.

Suluhisho linalotamaniwa ni kuongeza muda hadi nyekundu ziishe. Ni suluhisho baya likitumiwa bila kipimo, maana nyeupe zinaumia kwa dakika zilezile. Lililo bora ni kuzungusha tyubu, kumwaga, na kurudia kwa myeyusho mpya kwa dakika chache, pale ambapo hesabu kwa mikrolita haihitajiki. Pale inapohitajika, afadhali nyekundu zilizosalia ziachwe na kutengwa kwa alama: CD45 huonyesha nyeupe, CD235a huonyesha nyekundu, na rangi ya DNA huonyesha chochote chenye kiini. Maabara inayopima damu za selimundu kila wiki bila CD45 katika tyubu yake inajitaabisha bure.

Kwa chembe adimu, uchaguzi huwa mwembamba zaidi. Baada ya matibabu ya saratani ya damu, daktari huuliza kama imebaki chembe moja ya ugonjwa katika laki moja. Ili jibu liwe na maana, mashine lazima isome mamilioni ya chembe, na tyubu ya mikrolita 100 haina mamilioni. Vikundi vya Ulaya vilivyoungana chini ya jina EuroFlow hupasua kwanza uloto mwingi kwa amonia kloridi katika tyubu ya mililita 50, hukusanya nyeupe zote chini, kisha huziwekea kingamwili. Amonia kloridi hufaa hapa kwa kuwa haikazi, na alama zote hubaki wazi kwa kingamwili zinazokuja baadaye. Kwa chembe mama zenye alama ya CD34, zinazohesabiwa kabla ya kupandikiza uloto, utaratibu wa ISHAGE wa mwaka 1996 umekuwa msingi, na toleo lake la baadaye linatumia amonia kloridi bila kuosha, shanga za kuhesabia na 7-AAD ya kutambua wafu. Kila sehemu ya mpango huo imechaguliwa kwa sababu yake: hakuna kuosha kwa kuwa chembe ni chache, hakuna kukaza kwa kuwa chembe iliyokufa haitaota kwa mgonjwa.

Na yapo magonjwa ambayo kupasua kunaharibu swali lenyewe. Katika ugonjwa adimu wa PNH, ambamo baadhi ya chembe za damu hukosa CD59 na nyekundu huvunjwa ndani ya mishipa, sehemu moja ya damu huzimuliwa tu ili nyekundu zisomwe zikiwa nzima, na sehemu nyingine hupasuliwa ili granulosaiti zisomwe. Mgonjwa ni mmoja, tyubu ya damu ni moja, na njia ni mbili.

Ndiyo maana hakuna mpasuaji aliye bora kuliko wengine wote, na orodha za bei za kampuni haziwezi kumchagulia mtu. Amonia kloridi ndiyo ya kuanzia kwa maabara inayotaka chembe hai na yenye mkono wa makini juu ya muda na pH. Miyeyusho yenye formaldehaidi ndiyo ya kazi ya kila siku yenye sampuli nyingi, virusi na safari ndefu hadi kwenye mashine. Njia ya kutopasua ifikiriwe kila pale ambapo kinachopimwa kinaweza kubadilishwa na kupasua.

Lililobaki ni la wale wanaotoa majibu. Ripoti nyingi za saitometria hutaja kila kingamwili na kila rangi, lakini hazisemi nyekundu ziliondolewaje. Mstari mmoja unatosha: jina la mpasuaji, dakika za kupasua, kama sampuli ilioshwa au la, na saa zilizopita tangu damu ilipotolewa. Wakuu wa maabara wauweke kwenye fomu, na wahariri wa majarida ya tiba waudai kwa kila mwandishi, kwa sababu bila mstari huo daktari wa Dodoma hawezi kuilinganisha namba yake na ya Nairobi, wala na ya mgonjwa wake mwenyewe ya mwezi uliopita.